Ushahidi Uliokubali Kukanushwa: Namna ya Kupima Uzito wa Tafiti za Saikolojia



Mwaka 1971 serikali ilipoviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kila kampasi iligawiwa fani zake. Saikolojia na sayansi za elimu zikaletwa hapa Kisangani. Mwaka 1981 kampasi zilipotengana tena na Chuo Kikuu cha Kisangani kikasimama chenyewe, fani hiyo ilibaki kwetu. Kwa hiyo mji huu umekuwa mojawapo ya makao makuu ya saikolojia katika Kongo kwa zaidi ya nusu karne. Wanafunzi wamepita mitaani na hojaji, wameuliza, wamehesabu, wameandika tasnifu. Mashirika nayo yamekuja na tafiti zao, yakaondoka na ripoti.

Swali langu la leo ni hili: mtu akikuletea tafiti ishirini zinazosema jambo moja kuhusu akili, hofu au tabia za watu, utajuaje kama zinastahili kuaminiwa? Wengi hutazama jina la mwandishi, jina la jarida, unene wa kitabu, au wingi wa namba. Mimi nasema tazama jambo jingine kwanza. Utafiti huaminika kwa kadiri ulivyojiweka mahali pa kuweza kushindwa. Kama matokeo yangekuwa mazuri kwa mwandishi kwa vyovyote vile, basi hajathibitisha kitu, hata kama kila alichoandika ni kweli. Nitalipitisha wazo hili katika maswali manne: kipimo kilipima nini, nani aliulizwa, nini kilifichwa, na je, wanaokubaliana wanasimama kila mmoja kwa miguu yake?

Kipimo kilipima nini?

Tuanze na historia yetu wenyewe. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, Wabelgiji na makampuni yao walitaka kujua nani afundishwe kazi ipi, na vipimo vya akili vikaletwa kutoka Ulaya. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo ni André Ombredane, profesa wa Brussels. Mwaka 1954 alichapisha kitabu juu ya picha zilizochorwa mahsusi kwa ajili ya Kongo, ambazo mtu huonyeshwa kisha akaombwa asimulie kinachotokea. Lakini kazi yake ninayotaka tuitazame kwa karibu ni ile ya kipimo cha Raven.

Kipimo hicho hakina maneno. Mtu anaonyeshwa mchoro wenye pengo, na chini yake vipande sita au vinane. Achague kipande kinachoziba pengo. Kwa kuwa hakina maneno, watu wengi waliamini kwamba hakina utamaduni pia, na kwamba mkulima wa Kasai na karani wa Brussels wako sawa mbele yake. Ombredane na wenzake hawakuridhika na imani hiyo. Waliwapa Wakongo kipimo hicho hicho zaidi ya mara moja, na mwaka 1956 wakachapisha matokeo ya kurudia. Alama zilipanda. Kupanda kidogo kwa sababu ya mazoea hutokea popote duniani. Hata hivyo, mtu ambaye hajawahi kuombwa asome mchoro kwenye karatasi, tena mbele ya mgeni aliyekaa akimwangalia, siku ya kwanza anafanya kazi mbili: anajibu maswali, na papo hapo anajifunza mchezo wenyewe ni upi. Anayempa alama kwa siku hiyo peke yake amezichanganya kazi hizo mbili, kisha ameuita mchanganyiko huo akili.

Angalieni alichofanya Ombredane kwa jicho la swali letu. Kama angepima mara moja na kuondoka, matokeo yasingeweza kumkanusha, kwa maana namba yoyote ingeonekana kuwa akili ya waliopimwa. Kwa kurudia, alikipa kipimo chenyewe nafasi ya kuumbuka, na mpimaji anayekubali hilo ndiye wa kumsikiliza.

Somo hilo lilikuwa limeandikwa tayari, lakini si wote waliolisoma. Mwaka 2002 Richard Lynn na Tatu Vanhanen walitoa kitabu kilichopanga nchi za dunia kwa wastani wa akili. Nchi yetu ilipewa 65. Guinea ya Ikweta ilipewa 59, chini ya nchi zote. Wakosoaji walipofuatilia namba hiyo ya 59 hadi chanzo chake, walikuta imetoka kwa watoto waliokuwa Hispania, katika taasisi ya watoto wenye ulemavu wa ukuaji. Taifa zima lilihukumiwa kwa watoto hao. Mwaka 2010 Jelte Wicherts na wenzake walipitia upya tafiti za Afrika kusini mwa Sahara. Walionyesha kwamba Lynn hakufuata utaratibu thabiti wa kuchagua sampuli zipi ziingie na zipi ziachwe. Kwa vigezo vyao wao, wastani ulifika karibu 80, na bado wakaonya kwamba ni vigumu kujua vipimo hivyo vinapima kitu kile kile katika mazingira tofauti.

Ubaya wa namba mbovu ni kwamba hairudi nyuma yenyewe. Huchukuliwa na mwingine, ikaingizwa katika hesabu nyingine. Mwaka 2020 jarida la Psychological Science lilichapisha makala iliyotumia takwimu hizo za akili za nchi kueleza uhusiano wa dini na uhalifu. Ukosoaji ulipokuja, waandishi wenyewe waliomba makala yao iondolewe. Walistahili heshima kwa hilo.

Wekeni pembeni yake utafiti wa Michael Boivin na Bruno Giordani wa mwaka 1993, uliofanywa kwa watoto wa shule hapa nchini, wakati huo ikiitwa Zaire. Watoto walipewa madini ya chuma na kutibiwa minyoo, na utendaji wao katika vipimo vya akili ukaimarika. Mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni damu yake na tumbo lake. Kwa hiyo mkikutana na alama yoyote ya akili, ulizeni: mtoto huyu alikuwa amekula? Alikuwa na homa? Aliwahi kushika kalamu? Kama utafiti haukuuliza, alama hiyo si yake peke yake.

Nani aliulizwa?

Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alihesabu watu waliochunguzwa katika majarida makubwa sita ya saikolojia ya Marekani. Asilimia 68 walikuwa Wamarekani, na asilimia 96 walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda. Sehemu kubwa walikuwa wanafunzi wa vyuo. Kisha vitabu vikaandika kwamba binadamu hufikiri hivi, mtoto hukua vile.

Mfano unaojulikana sana ni wa Walter Mischel wa Stanford. Mtoto wa miaka minne hivi anaachwa chumbani na peremende. Akiisubiri asiile, atapewa ya pili. Ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha kwamba waliosubiri walifanya vizuri zaidi shuleni, na habari hiyo ikazunguka dunia, wazazi wakaambiwa kwamba mustakabali wa mtoto uko katika dakika hizo chache. Lakini watoto wale wa kwanza walikuwa wachache, na wengi walitoka katika jamii ya chuo kile kile. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walitazama watoto zaidi ya 900 wa hali mbalimbali za maisha. Uhusiano ulionekana, ila ulikuwa mdogo, na walipoingiza katika hesabu hali ya nyumbani na uwezo wa awali wa mtoto, ulipungua kwa takriban theluthi mbili.

Mwaka huo huo Bettina Lamm na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa Kijerumani na watoto wa Kinso wa Kameruni. Watoto wa Kinso waliwekewa andazi la kwao. Karibu watoto 7 kati ya 10 wa Kinso walisubiri hadi mwisho. Kwa Wajerumani walikuwa karibu 3 kati ya 10. Wanso wengi walikaa kimya, na baadhi walisinzia mezani. Kama kusubiri ni ufunguo wa mafanikio ya shule na fedha kwa binadamu wote, basi vijiji vya Nso vingekuwa mbele ya miji ya Ujerumani. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba malezi ya Kinso humfundisha mtoto mapema kutulia mbele ya mkubwa. Kitendo ni kimoja, maana ni mbili.

Msidhani lawama hii ni ya Wazungu peke yao. Mwanafunzi wetu akigawa hojaji kwa wenzake waliomo ukumbini kisha akaandika kuhusu vijana wa Kisangani, amefanya yale yale. Tuseme anataka kujua uchovu na hofu ya waendesha toleka, yaani baiskeli za kubeba abiria. Akiwauliza waliosimama mbele ya soko mchana, amewakosa walioanguka barabarani wakabaki nyumbani, amewakosa wanaofanya kazi usiku, na amewakosa wa ng'ambo ya mto. Waliobaki mbele yake ni wale ambao kazi bado haijawashinda. Atakuta uchovu ni mdogo, naye atakuwa amewahesabu waliohimili tu.

Nini kilifichwa?

Hapa ndipo penye ugonjwa mkubwa wa fani yetu. Mwaka 2011 ilifichuka kwamba Diederik Stapel, profesa wa Uholanzi, alikuwa akijitungia data. Makala zake 58 ziliondolewa. Watu walidhani tatizo ni wadanganyifu kama yeye. Mwaka huo huo, watafiti watatu wa vyuo vya Marekani, Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn, walionyesha kwamba hatari kubwa zaidi iko kwa watu waaminifu.

Waliwaita wanafunzi wa chuo, wakawasikilizisha wimbo. Kundi moja lilisikiliza wimbo wa Beatles uitwao When I'm Sixty-Four, lingine wimbo mwingine. Kisha wakaonyesha, kwa hesabu ambazo jarida lolote la wakati huo lingezikubali, kwamba kusikiliza wimbo wa Beatles kulimfanya mtu awe na umri mdogo kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Hawakusema alijisikia kijana. Walisema umri wake halisi, kwa tarehe ya kuzaliwa, ulipungua. Jambo hilo haliwezekani, na hilo ndilo walilotaka tulione.

Walifanyaje bila kuongopa? Walipima mambo mengi wakaripoti machache. Waliendelea kuongeza watu huku wakichungulia matokeo. Waliingiza katika hesabu umri wa baba wa kila mwanafunzi, na namba ikakaa walipotaka. Katika saikolojia tumezoea kusema kwamba matokeo yana maana kama, pasipokuwepo na tofauti yoyote ya kweli, yangejitokeza kwa bahati chini ya mara 5 katika 100. Watatu hao walikokotoa kwamba mtafiti akijiruhusu mambo manne tu, yaani kuchagua kati ya vipimo viwili, kuongeza watu katikati, kuingiza jinsia katika hesabu anapoona inafaa, na kuacha kundi moja kati ya matatu, basi bahati inaweza kumletea tangazo la uongo mara 61 katika 100. Kila jambo kati ya hayo manne lina utetezi wake, na wengi wetu tuliyafundishwa kama ujuzi wa kazi.

Ongezeni juu yake tabia ya majarida kukataa makala zinazosema hatukuona kitu. Nendeni pale maporomokoni mkaitazame migono ya wavuvi Wagenia: ukihesabu samaki waliomo ndani utajua ukubwa wa matundu ya mgono, lakini wale waliopita hutawajua kamwe. Jarida nalo ni mgono. Matokeo yaliyomo ndani yamechaguliwa na matundu yake.

Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha katika jarida la Science matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizotoka katika majarida matatu ya saikolojia. Katika makala za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye maana ya kitakwimu. Ziliporudiwa, zilikuwa asilimia 36. Ukubwa wa athari zilizoonekana ulishuka kwa wastani hadi karibu nusu.

Dawa yake imeanza kutumika. Mtafiti anaandika mpango wake wote kabla ya kukusanya data: swali, kipimo, idadi ya watu, namna ya kuhesabu. Jarida linausoma mpango na kuahidi kuuchapisha utafiti, matokeo yawe yoyote. Mwaka 2021 Anne Scheel na wenzake walilinganisha. Katika makala za kawaida, dhana ya mwandishi ilithibitika katika asilimia 96 ya makala. Katika zile zilizokubaliwa kabla ya data, ilithibitika katika asilimia 44. Hatuwezi kusema pengo lote hilo ni upotoshaji, maana huenda waliosajili mipango yao mapema walijaribu dhana zenye shaka zaidi. Lakini fani ambayo hukisia sawasawa mara 96 katika 100 ingekuwa haina haja ya kufanya utafiti kabisa.

Mfano mmoja wa karibu

Sasa tuchukue utafiti mmoja unaotuhusu tuusome mstari kwa mstari. Mwaka 2013 Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine jaribio la tiba ya kuzungumza kwa wanawake wa mashariki mwa nchi yetu waliofanyiwa ukatili wa kingono. Vijiji 16 vilipangwa kwa kura. Baadhi vilipewa tiba maalumu ya vikao 12, kimoja cha mtu peke yake na 11 vya kikundi. Vingine vilipewa msaada wa mtu mmoja mmoja kutoka kwa mhudumu wa kijiji. Kijiji kimoja kiliondolewa kwa sababu kulikuwa na shaka juu ya uwezo wa mhudumu wake. Vikabaki vijiji 7 vya tiba vyenye wanawake 157, na vijiji 8 vya msaada vyenye wanawake 248.

Dalili za sonona na wasiwasi zilipimwa kwa kipimo cha 0 hadi 3. Upande wa msaada ulianza na 2.2, ukashuka hadi 1.7 mwisho wa huduma, na 1.5 baada ya miezi sita. Upande wa tiba ulianza na 2.0, ukashuka hadi 0.8, kisha 0.7. Baada ya miezi hiyo sita, asilimia 9 tu ya waliopata tiba walikuwa bado na dalili za kiwango cha ugonjwa, dhidi ya asilimia 42 upande wa pili.

Tusome taratibu. Kwanza, wanawake wa upande wa msaada nao walipata nafuu. Walichaguliwa wakati dalili zao ziko juu, na mtu aliyechaguliwa akiwa katika hali mbaya kuliko kawaida yake mara nyingi hushuka kidogo hata bila tiba. Ingekuwa hakuna kundi la ulinganisho, msaada huo ungeandikwa kwenye ripoti kuwa ndio uliofanya yote. Shirika likija na jedwali la kabla na baada peke yake, likitangaza ushindi, kumbukeni ile 2.2 iliyofika 1.5.

Pili, kura zilipigwa kwa vijiji, na mhudumu ndiye aliyebeba kazi ya kijiji. Kwa hiyo ulinganisho wa kweli ni wa vijiji 15 na wahudumu wao, hata kama wanawake ni 405. Mhudumu mwenye kipaji anaweza kuinua kijiji kizima.

Tatu, waliokamilisha vipimo vyote vitatu walikuwa asilimia 65 upande wa tiba na asilimia 52 upande wa msaada. Wengine walienda wapi? Mwanamke anaweza kukosekana kwa sababu amepona na yuko shambani, au kwa sababu amekimbia vita, au amezidiwa. Nikifanya hesabu ya haraka kwa dhana mbaya kuliko zote, yaani wote waliokosekana upande wa tiba bado wanaumwa na wote waliokosekana upande wa msaada wamepona, ubora wa tiba unayeyuka. Lakini dhana hiyo inataka wanawake wa vijiji vinavyofanana wakosekane kwa sababu zilizo kinyume kabisa, na hilo ni gumu kuliamini. Ndiyo maana mimi nauhesabu utafiti huu kuwa mzito. Ulitaja kijiji ulichokitoa, ulitaja waliopotea, na ulisimamisha upande wa pili ambao ungeweza kuushinda. Udhaifu wake naujua kwa sababu waandishi wenyewe wameniambia.

Linganisheni na namba nyingine iliyotajwa sana. Mwaka 2010 jarida la JAMA lilichapisha uchunguzi wa watu wazima 998 katika Kivu zote mbili na Ituri. Asilimia 40.9 walikuwa na dalili za kutosha kuitwa sonona kubwa, na asilimia 50.1 dalili za msongo wa baada ya kiwewe. Ituri wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki, makao makuu yake yakiwa hapa. Kwa hiyo mtu huvutwa kusema nusu ya wakazi wa Kisangani wana kiwewe. Hapana. Kisangani haikuwa ndani ya uchunguzi. Tena dalili zinazohesabiwa kwa mahojiano ya nyumbani, wakati milio ya bunduki haijakoma, huchanganya ugonjwa na woga wenye sababu.

Sisi tuna jeraha letu. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu, na mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu. Mwezi Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini. Tangu hapo, swali la nani aliumia kiasi gani limekuwa swali la fedha pia. Anayeulizwa anajua jibu lake linaweza kuwa na thamani, na anayeuliza anaweza kutamani namba kubwa. Utafiti legelege hapa unaweza kuwaumiza wahanga wa kweli, kwa sababu namba iliyokuzwa ikigunduliwa, na wao wataitwa waongo.

Je, mashahidi wako wawili kweli?

Swali la mwisho ni la jumla ya tafiti. Mwaka 2003, miaka kumi kabla ya utafiti wa Bass, jaribio la namna hiyo lilichapishwa kutoka Masaka na Rakai, Uganda. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji ni shida gani za moyo wanazozijua na wanazielezaje, kisha wakajenga kipimo juu ya majibu hayo. Vijiji 30 vilipangwa kwa kura. Kabla ya tiba ya vikundi, asilimia 86 ya upande wa tiba na asilimia 94 ya upande wa pili walikuwa na sonona kubwa. Baadaye zilikuwa asilimia 6.5 na asilimia 54.7.

Tiba ni nyingine, nchi ni nyingine, mwelekeo ni ule ule. Je, tuna mashahidi wawili? Karibu, ila si kamili. Paul Bolton na Judith Bass wamo katika orodha ya waandishi wa tafiti zote mbili. Sisemi hilo kuwashuku. Kazi yao ni miongoni mwa bora tulizonazo. Nasema kwamba mbinu zao, mazoea yao na matumaini yao yamepita pande zote mbili. Shahidi wa pili kamili atakuwa timu isiyo na uhusiano nao, tena isiyojali kama tiba itafaulu.

Kanuni hiyo hiyo itumike kwa rafu zetu. Tasnifu kumi zilizosimamiwa na profesa mmoja, zikatumia hojaji moja iliyorithiwa kutoka mwaka hadi mwaka, katika komini moja, ni ushahidi mmoja ulioandikwa mara kumi. Wingi wake usitutishe.

Tufanye nini hapa?

Haya hayahitaji fedha za Ulaya. Kwanza, kila mwanafunzi aweke mpango wake kwa idara kabla ya kwenda mtaani, ukiwa na tarehe na sahihi, na siku ya kutetea kazi yake jopo lifungue mpango huo na kulinganisha. Pili, asiyeona alichotarajia asipunguziwe alama, ilimradi alifuata mpango wake. Leo mwanafunzi anajua kwamba dhana iliyothibitika inampendeza msimamizi, naye atahakikisha inathibitika. Tatu, hojaji ya Kifaransa ikitafsiriwa kwa Kiswahili au Kilingala, mtu mwingine ambaye hakuiona ya kwanza airudishe kwa Kifaransa, kisha ijaribiwe kwa watu wachache kabla ya kazi yenyewe. Nne, kila mwaka sehemu ya darasa irudie utafiti uliokwisha kutetewa hapa hapa, katika komini nyingine. Kama ulifanywa Makiso, urudiwe Lubunga. Tano, majibu yahifadhiwe bila majina, mahali ambapo mwenye shaka anaweza kuyahesabu upya.

Nanyi wazazi, mtu akibisha hodi na karatasi za maswali, mna haki ya kumuuliza maswali matatu kabla hamjajibu. Ulitarajia kuona nini? Ukiona kinyume chake, utakiandika? Na majibu yetu yataonekana wapi? Akijibu bila kusita, mkaribisheni aketi. Akikwepa, mwambieni arudi atakapokuwa na majibu.

Naiomba idara ianze na pendekezo la nne kwa darasa la mwaka huu, na ibandike matokeo ukutani, yakubaliane na ya awali au yayakanushe. Hilo ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo litakalotuambia mapema zaidi ni kipi kati ya tunavyofundisha kinachosimama.